Siku Nilipouacha Wali Ushikane

Ndugu zangu, kila mmoja achukue salamu ya dini yake, maana mimi nikianza kuzitaja zote nitachoka kabla sijasema neno. Na naomba nikae. Waliotangulia walisimama, Mungu awazidishie, lakini miguu yangu imeshinda wiki nzima juu ya marumaru ya watu, na leo Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika. Nitasema nikiwa kitini, na nikinyamaza kidogo msidhani nimemaliza.

Wanaonijua wanajua kwamba kwetu Tanga nilikuwa mpishi wa maharusi. Mtu akioza binti yake, ananifuata mimi. Sinia za wali wangu zilipita mbele ya wageni, umechambuka punje kwa punje, na mashangingi waliokuja kutafuta kasoro wakaishia kuomba ukoko. Sijisifu. Nawaambia ili mjue nilianguka kutoka wapi.

Nilipofika hapa Doha, nyumba ya kwanza walitaka mtu wa kulea watoto, na mimi nilikuja kama mpishi. Wakanichoka, na mimi nikawachoka, nikarudishwa ofisini. Walio humu waliowahi kurudishwa kwa wakala wao wananielewa. Wengine nitawaeleza. Kuna benchi. Unakaa hapo na begi lako kati ya miguu, wewe na wenzako. Mlango ukifunguliwa, wote mnanyoosha migongo. Anaingia mama na mumewe, wanawatazama, wanamuuliza mwenye ofisi: huyu anajua kupika? Huyu kwa nini alirudishwa? Na wewe upo hapo hapo, unasikia. Mama yangu akipiga simu namjibu, mama niko jikoni, nitakupigia. Benchi lile nililiita jikoni, dada zangu, mpaka nikaona haya kulitaja jiko.

Basi nikachukuliwa na nyumba moja ya mtaa wa Abu Hamour, ndiyo niliyomo hadi leo. Wakati nachukua begi, yule wa ofisini akaniambia, ukirudi tena hapa hukai, unakwenda uwanja wa ndege. Maneno hayo niliingia nayo kwenye gari.

Madam wangu si mtu mbaya, niseme haki ya Mungu. Machbusi yangu, ule wali wao wa nyama, aliipenda, mchuzi wangu wa samaki aliupenda. Lakini kila Alhamisi dada zake wanakuja kumtembelea, na wote wanapenda sushi, ule wali wa Wajapani unaoviringwa. Alikuwa akiagiza nje. Siku moja akasema, sasa itatengenezwa nyumbani, mpishi ninaye. Akaja na mchele mfupi mnene, siki, kimkeka kidogo cha mianzi cha kuviringia, na zile karatasi nyeusi za mwani. Nilipozinusa nikacheka peke yangu. Kule kwetu wanawake wanainama majini mpaka viuno vinakatika kwa ajili ya mwani, na sijamwona hata mmoja aliyeuweka mdomoni.

Madam akanionyesha video kwenye simu. "Sahali," akasema. Yaani rahisi.

Nawaambia ukweli, mimi niliidharau ile kazi. Wali tu? Wali ndio unishinde mimi? Nikaosha mchele, nikatia chumvi, nikatia na mafuta kidogo, nikaukausha kwa moto mdogo kama nilivyozoea, ulipoiva nikauchambua kwa uma, ukang'aa vizuri. Nikautandaza juu ya karatasi, nikapanga tango, parachichi na vijiti vya nyama ya kaa, nikaviringa. Nilipokata kipande cha kwanza, wali wote ukamwagika mezani. Nikakata cha pili, nacho kikamwagika. Madam alikuwa amesimama mlangoni. Akachukua simu akaagiza nje.

Alhamisi iliyofuata ikawa vile vile. Nilipunguza mafuta, nikaongeza siki, nikaviringa kwa nguvu mpaka karatasi ikapasuka. Dada zake waliona. Mmoja akauliza jambo kwa Kiarabu, wakacheka, na mimi nimebeba sahani ya makombo yangu. Madam akanifuata jikoni, wala hakupiga kelele. Akasema, "Ofisi waliniambia wewe ni mpishi. Alhamisi ijayo ikiharibika, nakurudisha."

Sasa hapo ndugu zangu ndipo nilipochoka. Kuchoka kwa mwili nakujua, ukilala unaamka umepona. Huku kulikuwa kuchoka kwingine. Nilikuwa naamka nimechoka. Nakwangua karoti nimechoka. Nikawa naitazama mikono yangu naiona kama ya kuazima kwa mtu mwingine, tena mtu mvivu. Chai ya maziwa, ambayo naipika tangu utoto, ikafurika jikoni. Nikaacha kula. Mama akipiga simu sipokei, maana nilikuwa jikoni kweli sasa, na nisingeweza kumwambia hivyo bila kulia. Nilishaanza kukunja nguo zangu. Nilikuwa nawaza nitashuka Dar, nitapanda basi la Tanga, na watu wataniuliza, mpishi, umerudi? Na nitawajibu nini? Nimeshindwa na wali?

Ijumaa ile nilikuja hapa hapa Najma, kwenye kikao chetu hiki, kuwaaga. Wengi wenu hamkujua, mlidhani nimekuja kula. Nikaingia humo jikoni, nyuma ya hilo pazia, na kumkuta dada mmoja wa Kenya anasonga ugali. Msigeuze shingo, simtaji. Akaniuliza, "Mbona umekonda hivyo, dadangu?" Nikamwambia kila kitu. Mkobani nilikuwa na mchele uliobaki, siki, kimkeka na karatasi mbili tatu, madam aliniambia nichukue nikajifunze. Akasema, "Ebu pika nione."

Nikamwambia, wewe sushi unaijua? Akasema, "Sijawahi hata onja. Wewe pika tu."

Nikapika. Ulipoiva nikachukua uma, nikaanza kuuchambua. Yule dada akanishika mkono.

"Sasa unafanya nini?"

"Nauchambua."

"Si umesema unataka ushikane?"

"Ndiyo."

"Na mbona unautawanya? Aki huu wali unataka kushikana toka zamani, ni wewe unaukataza!"

Uma ulikuwa bado mkononi. Pale ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikukiwaza miaka mingi.

Kwetu bibi harusi akifika ukweni, chakula cha kwanza anachowapikia wakwe watu wanakitazama kuliko wanavyomtazama yeye. Mimi nilikuwa binti mdogo, nikazidisha maji, wali ukawa bokoboko. Mawifi wakaushika kwa vidole, wakautengeneza vidonge, wakarushiana mbele yangu. Mama mkwe akanihurumia, akala. Lakini jina la Bokoboko nililibeba mpaka ndoa ile ilipoisha. Siku hiyo niliapa kwamba wali hautashikana tena mbele yangu, na nikashika kiapo mpaka nikawa mpishi wa watu. Sasa nimekuja ugenini naambiwa nitengeneze kile kile nilichochekwa nacho. Kichwa kilikuwa kimekubali. Mkono ulikuwa umekataa, na mimi nikaulaumu kwamba umekufa.

Nikalia pale, na ugali wa watu ukaungua. Mtanisamehe, ndiyo ile siku mliyokula ugali wenye harufu ya moshi.

Yule dada akaninyang'anya uma, akauweka juu ya kabati. Akasema, "Ni kama ugali tu. Usiuogope. Finya." Tukapika tena, safari hii bila tone la mafuta, maji nikaongeza mwenyewe huku roho inaniuma. Tukamwagia siki yenye sukari na chumvi, yeye akaupepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka ukapoa, mimi nikalowesha vidole nikautandaza bila kuuchokoza. Nikaviringa. Nikalowesha kisu, nikakata. Ukasimama. Kipande cha wali kimesimama mezani, kimya, wala hakimwagiki. Dada yule akakionja, akakunja uso, akasema, "Kumbe ndio hii? Leta pilipili."

Alhamisi nikapanga sahani ya madam. Dada zake wakala mpaka ikabaki sahani tupu. Madam akasema, "Zein," vizuri, halafu akaomba chai. Basi. Mlitaka niwaambie alinikumbatia? Hakunikumbatia. Mimi nilikaa juu ya ndoo jikoni, nikala zile ncha za mwisho ambazo haziendi mezani kwa sababu zimepinda, na vya ndani vyote vimejitokeza nje. Ndiyo tamu yenyewe, kama hamjui. Nikampigia mama. Nikamwambia, mama, niko jikoni.

Bado nimechoka, ndugu zangu, sikuja kuwadanganya. Kazi ni ile ile na marumaru ni yale yale. Ila sasa nikilala naamka nimepumzika kidogo. Namshukuru Mungu, namshukuru dada wa ugali, na nawashukuru nyote kwa kula ule ulioungua bila kuuliza. Funzo langu ni dogo: kabla hujasema mikono yako imekufa, muite mtu aitazame ikifanya kazi. Mwenyewe huwezi kuiona.

La mwisho, nimalizie nikanyooshe miguu. Humu ndani yumo mmoja ambaye wiki hii ameambiwa maneno yale yale niliyoambiwa mimi, kwamba atarudishwa. Alininong'oneza wakati tunavua viatu. Simtaji, wala simwangalii. Nimekuja na sushi, ndani yake nimeweka samaki wa kukaanga na pilipili ya embe, na leo nimeleta ncha tupu, zile tamu. Sahani nitaiweka pale karibu na mlango. Naomba kila mtu apite achukue moja, hata asiyependa, hata aliyeshiba, ili na yeye apite achukue yake pasipo mtu kumjua. Halafu jiko liko wazi nyuma ya pazia. Mimi nitakuwa humo, nimekaa, namsubiri.