Chandarua Nilichokiacha kwa Kuwaogopa Wakwe

Ninyi vijana mtakaosoma haya, nawasalimu kwa jina la Yesu aliyenibakiza hai! Mimi niliishia darasa la pili, lakini ninachosema nimekipitia.

Ndugu zangu, huku juu Kasulu kwenye baridi, mbu tulimwona kama mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini binti yetu Ansila, aliyeolewa bondeni kwenye mashamba ya mpunga, alijifungua. Mimi na mume wangu Petro tukajiandaa kwenda kumwona mjukuu. Nesi wa zahanati akanionya: "Bibi, bebeni chandarua. Ninyi wa milimani damu yenu haijazoea malaria." Tulikuwa nacho, kimeshatiwa dawa.

Nikakikunja ndani ya mkeka. Petro akacheka: "Mama Ansila, tunakwenda kusalimia au tunahama?" Nikaona aibu. Kwetu sisi, kwenda kwa wakwe na malazi yako ni kuwaambia kitanda chao kichafu. Nikakitoa, nikakiacha darini. Kwa mkono wangu huu!

Tulikaa kule siku nne. Jioni tuko uani na mjukuu, miguu wazi, mbu wanatula, sisi tunatabasamu ili wakwe wasinune.

Tuliporudi hazikuisha wiki mbili, homa ikatupiga sote. Tukasema ni uchovu wa safari. Tukachemsha majani, tukanywa. Siku ya tatu Petro akaanza kuweweseka, na mimi sijui hata nilibebwa na nani. Nilipozinduka hospitali, dripu mkononi, nilimwona Ansila. Nikamwuliza, "Baba yako yuko wodi gani?" Akageukia ukutani. Walikuwa wameshamzika.

Ndugu zangu! Nililia, "Bwana, kwa nini?" Kisha moyo ukanihukumu: Bwana alinipa chandarua, mimi nikachagua sifa. Nikatubu palepale. Akanisamehe, akaniinua. Jina lake litukuzwe! Lakini sitawadanganya, hamu haiishi. Mpaka leo nasonga ugali wa watu wawili. Ningempata tena, anicheke hata kutwa nzima!

Mtumaini Bwana, na alichokupa kitumie. Nilipotoka hospitali niliwakusanya watoto wangu wote nikaamuru: "Hakuna wa nyumba hii atakayeshuka bondeni bila chandarua. Mkifika, kifungeni kabla hamjala. Homa ikikushika, zahanati siku hiyo hiyo. Na mkwe akinuna, mwache anune. Utamwomba radhi asubuhi, ukiwa hai."