Asisogeze Mtu Kikombe

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi viatu lina miguu mitatu na tofali moja, na waungwana watatu wanaolikalia kila asubuhi hawajawahi kukubaliana hata leo ni tarehe ngapi. Yupo Soli, fundi mwenyewe, mwenye kikohozi anachokiita vumbi la ngozi. Yupo Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Yupo Mwalimu, aliyeacha chaki lakini hajaacha kusahihisha watu. Na yupo Shangazi, mwenye birika la kahawa, ambaye macho yameingia ukungu tangu mwaka jana na hajamwambia mtu. Humimina kwa kusikiliza: kikombe kikikaribia kujaa sauti huwa nyembamba, naye huinua birika. Hakuna aliyegundua, na jambo hilo lilimpa raha kubwa. Juzi tu Breki alilowa goti akalaumu mvua, na jua lilikuwa linawaka, lakini Breki naye ana vituko vyake.

Asubuhi hiyo karatasi ya ustawi wa jamii ilikuwa inarudi ofisini. Wiki nzima ilining'inia kwenye msumari wa Soli: wasio na uwezo waandike majina, wapate kadi ya kutibiwa bure. Shangazi alishaishika kalamu mara moja, alipobaki peke yake, akairudisha. Amelea watoto wanne kwa birika hili. Aanze leo kunyoosha mkono?

— Mimi sijiandiki ng'o, Soli alisema, akakohoa. Mtu akizoea vya bure anapungua. Nina mteja wangu alipewa msaada, mguu ukashuka kutoka saizi tisa mpaka saba.

— Mguu haupungui, Mwalimu alisahihisha. Kinachopungua ni shingo. Raia kamili ni yule ambaye serikali haimjui kwa shida. Siku nikifa waandike: huyu hakutusumbua.

— Nyie mnaona karibu, Breki alisema. Tukigoma mtaa mzima, dawa zitajaa hospitali mpaka mlangoni. Madaktari watakosa pa kupita. Watakuja hapa benchini kutubembeleza tuugue!

— Na nani ataugua wa kwanza? Soli aliuliza.

— Tutapiga kura.

Shangazi alicheka mpaka birika likatikisika. Aliwapenda watu hawa kwa kiburi chao, maana kilifanana na chake.

— Hapo mmenena, wanangu. Mtu na heshima yake.

Akawamiminia tena. Ndipo akafika binti wa ofisi ya ustawi, akawaamkia wote kwa adabu, akapokea kahawa, akaishusha ile karatasi msumarini.

— Kuna jina moja tu, alisema. Limeandikwa mara tatu. Miandiko mitatu. "Shangazi wa kahawa."

Soli akaanza kutafuta sindano. Breki akatazama tairi la baiskeli iliyokuwa inapita.

— Nani kaniandika? Shangazi aliwaka. Nani kasema sijiwezi? Miaka yote hii, kuna aliyeniona nikimwaga hata tone?

Binti aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa mgeni, hakujua lipi huulizwa na lipi huachwa.

— Samahani, wazee wangu. Kwa nini kila mama akimimina, nyote mnasogeza vikombe?

Mwalimu aliinamisha kichwa.

Shangazi akainua birika.

— Breki, weka kikombe. Asisogeze mtu.

Akasikiliza, akamimina. Kahawa yote ikaenda gotini. Breki akauma midomo. Safari hii hakusema ni mvua.

Uso wa Shangazi ulipata moto kwa aibu, kisha ile aibu ikageuka kitu kingine. Mwaka mzima watu hawa wazima wamekuwa wakizungusha mikono kufuata birika lake, na hakuna aliyethubutu kumcheka! Machozi yalimtoka, akaacha yatoke.

— Nisomee hiyo karatasi, mwanangu. Juu kabisa pameandikwaje?

— "Mwombaji."

— Kata hapo. Mimi siombi. Nimelipa ushuru wa meza yangu ya kahawa tangu barabara ikiwa vumbi. Katika lami hiyo unayoikanyaga imo kahawa yangu. Andika "raia," halafu nionyeshe pa kuweka kidole.

— Imechapishwa hivyo, mama.

— Na kalamu uliyonayo ni ya nini?

Binti akakata neno, akaandika. Mwalimu aliinama kukagua, akatikisa kichwa: hakukuwa na la kusahihisha. Shangazi akaweka kidole, mgongo umenyooka.

— Haya, andika na jina lingine. La Soli.

— Mimi? Mimi nina nini?

— Kikohozi chako nakisikia tangu mvua za mwaka jana, usiku hata mchana. Mimi macho ndiyo mabovu, mwanangu. Masikio hayana neno.

Soli alifungua kinywa abishe, akakohoa.