Historia ya Bi Mizani, na Jedwali Nililomchorea

Ndugu waombolezaji, mwaka 1988, Jumatano ya tarehe 9 Machi, saa kumi na moja alfajiri, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo na maji yameingia hadi kwenye korido ya wodi ya wazazi, ndipo alipozaliwa marehemu, mtoto wetu wa kwanza kati ya wawili, akiwa na uzito wa kilo mbili na gramu mia tisa. Familia ilimteua baba yake mdogo asome historia hii, lakini nimeomba niisome mwenyewe, kwa kuwa ina sehemu ambayo hata mama yake hajaisikia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1995 hadi 2001, sekondari hadi 2007, akahitimu shahada ya fizikia mwaka 2011, na Februari 2012 akaajiriwa katika ofisi ya vipimo, kazi yake ikiwa kukagua mizani za sokoni kwa mawe ya shaba aliyoyabeba kwenye sanduku la mbao. Huko ndiko alikopewa jina la Bi Mizani, na aliyempa ni muuza nyama mmoja aliyezoea kuegemeza kidole gumba kwenye sahani ya mizani, ambaye husema hadi leo kwamba heri angekaguliwa na mama mkwe wake. Yuko nasi hapa, mstari wa nyuma, na tunamshukuru kwa kuja.

Jumamosi ya tarehe 6 Desemba 2014 aliolewa na mkwe wetu, fundi umeme, mtu mpole wa maneno machache, na kwa miaka saba wakangoja mtoto, wakiwavumilia waliowauliza kila walipokutana kama mwaka huu kuna habari, hadi Aprili 2022 walipokwenda kliniki ya uzazi, ambako daktari alikuta ovari zake zimejaa vifuko vingi vidogo vya mayai. Alimweka kwenye mpango mfupi, ambao sindano za homoni za kukuza mayai huanza siku ya pili ya hedhi, na ile ya kuzuia mayai yasitoke mapema huongezwa siku chache baadaye, na kwa makusudi akampa dozi ndogo, kwa kuwa ovari za namna hiyo huvimba upesi. Mumewe alijifunza kumchoma sindano hizo, kila siku saa moja jioni, kwenye meza ya chakula. Mara ya kwanza yalipatikana mayai saba, mara ya pili sita, na mara zote mbili mimba haikushika.

Daktari alishauri warudie mpango uleule, akautaja pia ule mrefu, ambao ovari hutulizwa kwanza kwa dawa kwa takriban wiki mbili kabla ya kuchochewa. Jumapili ya tarehe 3 Machi 2024 mwanangu aliniletea karatasi zote nyumbani, kwa kuwa mimi ni mtakwimu mstaafu, na tangu utotoni hakuwahi kuamua jambo kubwa bila kupitia kwangu. Nilisoma tafiti nne kwa siku tano, nikachora jedwali: wastani wa mayai, mrefu kumi na moja, mfupi tisa, waliojifungua, karibu sawa, waliovimba ovari kupita kiasi, mrefu saba kwa mia, mfupi watatu. Niliipigia mstari safu ya kwanza. Ya mwisho niliiita ndogo. Aliniuliza mara moja tu, "Baba, ungekuwa mwili wako, ungechagua upi?" Nikamjibu, "Mrefu."

Wastani ule ulikuwa wa wanawake wote, wengi wao wasio na vifuko kama vyake, na somo hilo, la kutompima mtu mmoja kwa wastani wa wengi, nimelifundisha kwa miaka ishirini na sita. Daktari alionya, mwanangu akamwonyesha jedwali, naye akakubali kwa shingo upande.

Jumatatu ya tarehe 10 Juni yalivunwa mayai thelathini na moja, akanipigia simu akicheka, akasema safari hii mkaguzi ndiye aliyezidisha kipimo, nami nikafurahi. Alhamisi ovari zilikuwa zimevimba na tumbo limejaa maji, Ijumaa akalazwa, damu ikaganda mguuni, na tarehe 20 Juni, saa tisa alasiri, donge hilo likafika kwenye mapafu, akafariki mumewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, miezi mitatu na siku kumi na moja.

Katika historia kama hii, kipengele cha watoto hutaka idadi. Viko viinitete tisa, mayai yake yaliyokwisha kutungishwa, kwenye barafu ya kliniki, mkwe wangu ameniuliza viandikwe vipi, nami nafasi hiyo nimeiacha wazi.

Tunamshukuru daktari, ambaye hana lawama, wauguzi wa wodi waliomgeuza na kumwosha kama ndugu yao, majirani waliopika na kufua kwetu siku zote hizi, na wenzake wa ofisi ya vipimo waliolibeba jeneza. Mama yake na mumewe wamesikia sasa, pamoja nanyi, na sitawaomba chochote.

Pumzika, mwanangu, kesho hakuna sindano.

Hesabu ile imegharimu mtu mmoja.