Ng'ombe Wanaosubiri Kuitwa

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mlioketi chini ya turubai na mliobaki juani kwa kukosa viti, familia imemteua mdogo wake wa kike, fundi cherehani, asome historia hii, kwa sababu kaka yetu mkubwa amekauka sauti tangu juzi na mjane hawezi kusimama, na kwa kuwa mnamfahamu fundi huyu mnajua hana maneno ya kupaka mafuta, basi mtamvumilia kama marehemu alivyomvumilia miaka yote. Na kama mnawasikia ng'ombe wakilia nyuma ya ukuta huo, msishangae, wamo ndani ya historia hii, zamu yao itafika.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Maji Kwanza hata mkasahau jina alilopewa na wazazi, alizaliwa nyumbani tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya wanne wa baba seremala na mama mkulima, siku ya mvua kubwa, mkunga akifika na viatu mkononi. Alikuwa mtoto mtulivu, mbishi wa kimyakimya, ukimwambia jambo asilolikubali hakujibu, alikutazama tu mpaka ukachoka mwenyewe ukaenda zako. Mwaka 1975, mahindi yakiwa yamekomaa na mama ameshaanza kushona magunia ya kuvunia, kundi la ng'ombe liliingia shambani kwetu alfajiri likala kila kitu mpaka mabua, na mama alipozunguka nyumba kwa nyumba kuuliza ni wa nani, kila mtu alisema si wake, wala hajui wametoka wapi, na jioni wale ng'ombe wakaondoka wenyewe wakiwa wameshiba. Mwaka ule tulilala na njaa, na mdogo wetu wa mwisho, ambaye alikuwa hajaanza hata kutembea, hakuuona mwaka uliofuata. Marehemu aliwahi kumwambia huyu anayesoma kwamba kilichomuuma kuliko njaa ni kuwa ng'ombe wale walikuwa na mwenyewe, wamenona, wamevaa kengele shingoni, na bado mtu mzima mwenye ndevu zake aliweza kusimama mbele ya mama yake akasema hawajui.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha sekondari mpaka mwaka 1983, si wa kwanza darasani wala wa mwisho, hesabu alizimudu, insha zilimtoa jasho, na mwaka 1986 alihitimu chuo cha mifugo akapata cheti ambacho mama alikitundika ukutani kikabaki hapo mpaka karatasi ikageuka rangi ya chai.

Tarehe 6 Januari 1987 aliajiriwa na halmashauri kuwa mtunza zizi la mifugo iliyokamatwa, hilo mnaloliona hapo, la ukuta wa mawe, lango moja la chuma, birika refu la maji na kibanda cha ofisi chenye dirisha lisilofungika, na hakuihama kazi hiyo mpaka anaingia kaburini. Kwa wageni ambao hawajui, sheria ya zizi ni kwamba mnyama yeyote akikutwa akizurura barabarani au akila shamba la mtu anakamatwa na kuletwa hapa, hatoki mpaka mwenyewe ajitokeze, amlipe mkulima fidia ya mazao na halmashauri faini yake, na asipojitokeza hutangazwa, na muda wa tangazo ukiisha hunadiwa, na mtunza zizi haruhusiwi kununua, kukamua wala kupokea zawadi ya hata kwato. Sheria hizo aliziandika yeye mwenyewe kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa langoni, na juu yake akaongeza ya kwake, maji kwanza, maneno baadaye, kwa maana mnyama akiletwa watu hufika wakigombana, huyu na jembe, yule na fimbo, naye hakusikiliza hata neno moja mpaka mnyama amekunywa, na mara nyingi wakati mnyama anakunywa watu wale wale walipoa, wakaanza kuzungumza kama watu wenye akili zao.

Tena alikuwa na namna yake ya kumjua mwenye mali, kwa sababu alama za moto hufutika na mashahidi hununulika, yeye alimsimamisha mdai nje ya lango akamwambia amwite mnyama wake, kwa sauti yake ya kila siku, akija ni wake, asipokuja nenda nyumbani kamlete anayemlisha. Waliomcheka walikuwa wengi, wapo hapa, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwamba marehemu alimpa mtu ng'ombe asiye wake.

Na mke alimpata kwa kanuni hiyo hiyo, kwani mwaka 1990 alikuja binti mmoja kumkomboa mbuzi wa baba yake, akamwita, mbuzi akampa kisogo, akamwita kwa kumbembeleza, mbuzi akalala kabisa, na marehemu, pamoja na kwamba macho yalishamtoka kwa yule binti, alimrudisha nyumbani bila mbuzi, binti akarudi kesho yake, akarudishwa, mpaka mama yake alipokuja mwenyewe na mbuzi akatoka mbio. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1991, na wifi hakuwahi kuusamehe ule ukorofi, alimtajia yule mbuzi kila walipogombana, hata chumvi ikizidi kwenye mboga. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza binti aliyezaliwa mwaka 1992, ambaye ni mganga wa mifugo na amekuwa akifanya kazi na baba yake hapo zizini, wa pili dereva wa lori, na wa tatu yuko chuoni akisomea ufamasia.

Kuhusu afya, marehemu alikuwa mzima mpaka mwaka 2019, punda mmoja aliyekamatwa barabarani alipompiga teke la goti la kulia, na tangu hapo alitembea kwa mkongojo, hakuweza kukimbia wala kugeuka haraka, jambo ambalo mjane alilisema mara nyingi, kwamba kazi ya zizi si ya mtu asiyeweza kukimbia, naye alijibu kwamba hajawahi kuona sababu ya kumkimbia ng'ombe.

Sasa tufike mahali ambapo familia imebishana usiku kucha kama pasomwe au pasisomwe, na wenye kutaka pasomwe wameshinda. Mwezi Oktoba mwaka jana lilikamatwa kundi kubwa kwenye mashamba ya upande wa mtoni, likiwa limemaliza maharage ya wajane na ya wasio wajane, alama zao zote zimechomwa juu kwa moto mwingine zisisomeke, na ndani yake alikuwamo jike mwekundu aliyevunjika pembe moja, jeraha bichi, ambalo marehemu alilisafisha na kulifunga kwa kitambaa alichokichana kwenye shati lake. Hakuna aliyejitokeza, tangazo likatoka, muda ukaisha, mnada ukaitishwa, akaja dalali mmoja mpole wa maneno akawanunua wote kwa bei ya kutupa, hakuangalia hata meno, na wakulima wakabaki na mabua, kwa kuwa fidia hulipwa na mwenye ng'ombe, na mwenyewe hayupo. Mwezi Januari likakamatwa kundi jingine, mambo yakaenda vile vile, dalali yule yule. Mwezi Aprili likaletwa la tatu, na lilipokuwa likiingia langoni marehemu alimwona yule jike mwekundu wa pembe moja, kitambaa chake cha shati kikiwa bado kimeng'ang'ania kwenye kovu.

Hakuhitaji kuelezwa. Kuna mtu aliyekuwa akilisha ng'ombe wake kwenye jasho la watu, akakaa kimya, akawanunua tena mwenyewe kwa mkono wa dalali, halafu akawaachia tena, na wifi anasema siku ile marehemu alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia, akasema ni wale wale waliokula shamba la mama. Wifi akamkumbusha kwamba wale wa mama wamekufa zamani, naye akasema, ng'ombe wamekufa, ndiyo.

Basi akakataa kuwanadi, na hakuvunja sheria, kwa sababu ubao una mstari unaosema wazi kwamba mnyama aliyekwisha kunadiwa akikamatwa tena mnada unasimama mpaka mwenyewe apatikane, na afisa mifugo, ambaye yuko hapa nasi, alimuunga mkono. Dalali alikuja na tabasamu lake akasema tajiri wake anasalimia na anaomba mambo yaishe kirafiki, akajibiwa kwamba tajiri aje mwenyewe asimame langoni aite. Wiki iliyofuata kufuli la lango lilikutwa limejazwa gundi. Baada ya hapo mbwa wa nyumbani hakurudi. Kisha asubuhi moja mjane alifungua mlango wa mbele akakuta kamba mpya ya katani imening'inizwa kwenye kitasa, imefungwa kitanzi, hakuna barua, hakuna neno, kamba tu, nayo bado inanukia duka. Mjane alilia, alipiga magoti, alimwambia niachie mume wangu, waachie hao ng'ombe waende, mimi sitaki haki, mimi nakutaka wewe, na marehemu, ambaye hakuwahi kumpenda mtu kama alivyompenda huyo mama, aliichukua ile kamba akaenda kumfungia ndama zizini kwa sababu ilikuwa kamba nzuri.

Tarehe 3 Juni, jua likiwa linaelekea kuzama, marehemu alikuwa ndani ya zizi karibu na lango, binti yake upande wa birika akijaza maji, ng'ombe wametulia, wengine wamelala wakicheua. Nje ya ukuta mtu akaita. Binti anasema haikuwa kelele, ilikuwa sauti ndefu, laini, ya mtu anayewaita watoto wake waje kula, na ng'ombe wote, waliolala na waliosimama, waliinua vichwa kwa pamoja. Mtu mwingine yeyote angejibana ukutani, na hata kwa goti lile alikuwa na nafasi ya kufanya hivyo, lakini marehemu alikuwa ameingoja sauti hiyo tangu mwezi Aprili, na ukitaka kusema ukweli tangu akiwa na miaka tisa, akawapa ng'ombe mgongo, akashika nondo za lango kwa mikono miwili, akachungulia nje amwone anayeita. Walimkanyaga wote wakilikimbilia lango, nalo halikufunguka. Binti alipanda ukuta akaona vumbi la gari kwenye kona, basi.

Alilazwa hospitali usiku huo huo, akapasuliwa kesho yake, na kwa siku chache alizobaki nazo aliweza kusema kidogo, akauliza kama ng'ombe wamepewa maji, akamwambia binti yake asiwauze kwa mtu yeyote, na mjane alipomwinamia kumuuliza ni nani aliyeita, alisema sauti ile yeye haijui, wao wanaijua. Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana mpaka mwisho, majirani walioleta kuni, unga na vyombo bila kuulizwa, afisa mifugo na wafanyakazi wote wa halmashauri, askari waliopo hapa leo, na kwa namna ya pekee mfugaji mkubwa wa eneo hili, ambaye sote tunamwita Mfadhili, kwa kutuletea turubai na viti, ingawa hakupata kuonana na marehemu hata siku moja, kwa kuwa katika miaka yote hiyo hakuna ng'ombe wake hata mmoja aliyewahi kukamatwa.

Kuna jambo moja la mwisho kabla ya salamu za rambirambi. Tangu asubuhi mmeimba, mmelia, mmehubiriwa kwa vipaza sauti, na ng'ombe hawa wamelia kwa uchovu wao tu, hawakujali. Ni mara moja tu walinyamaza, wakasimama wote, wakaja kujipanga langoni, nayo ni wakati mlipokuwa mkipita mmoja mmoja kumpa mjane pole, watu wengi kwa pamoja, kwa hiyo familia haijui ilikuwa pole ya nani, na haitaki kumsingizia mtu msibani. Inachoomba ni kidogo. Kila atakayetoa salamu hatazitolea hapa mbele, atakwenda kusimama pale nje ya lango la zizi, mahali walipokuwa wakisimama wote waliokuja kudai mali zao, bila kipaza sauti, aseme pole kwa sauti yake ya kila siku, na msiogope, lango limefungwa kwa minyororo miwili, na binti wa marehemu amesimama hapo na funguo. Ratiba inaonyesha anayeanza ni Mfadhili, tunamwomba asiondoke, tumeshamwona akitafuta viatu vyake.

Pumzika kwa amani, kaka, wamekwisha kunywa maji, sasa yanafuata maneno.