Marehemu Cyprian Telesford, Mwalimu wa Haja na Hamu

Marehemu Cyprian Raphael Telesford alizaliwa tarehe 16 Septemba 1955 katika kijiji cha Clozier, juu ya mji wa Gouyave, akiwa mtoto wa tano wa Bwana Augustus Telesford na Bi Eudora. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Cyprian, kwa hiyo jina halikuwasumbua wazazi. Wengi mliopo hapa mmewahi kumsikia akisema kwamba alizaliwa usiku wa kimbunga Janet, paa likiwa linaruka na mkunga akiwa chini ya meza. Hakuzaliwa usiku huo. Kimbunga kilikuja karibu wiki nzima baadaye, yeye akiwa amelala zake kwenye beseni. Mama yake alimsahihisha mpaka akachoka, akaenda kaburini kabla mwanawe hajaiacha hadithi hiyo.

Alisoma shule ya msingi ya Wakatoliki hapa Gouyave, kisha akapelekwa sekondari mjini St. George's, ambako alikaa kwa shangazi yake aliyemlisha vizuri na kumpiga kwa haki. Mitihani ya uhasibu aliifanya kwa njia ya posta kutoka Uingereza, akisoma kibarazani baada ya kazi. Karatasi ya kodi ilimwangusha mara moja. Mwaka 1983 alifaulu zote, na kijiji cha Clozier kilipika chungu kikubwa cha shelisheli kwa tui na nyama ya chumvi, kwa sababu hakukuwa na mhasibu mwingine tangu Gouyave hadi Victoria.

Alianza kazi mwaka 1974 kama karani wa ushirika wa kungumanga, akawa mhasibu mkuu mwaka 1988, akastaafu mwaka 2015. Hapo kituoni, ushirika ulipopokelea na kuchambulia kungumanga, ndipo alipokutana na Ignatia Mapson, msichana aliyeacha shule akiwa darasa la nne na ambaye kazi yake ilikuwa kutumbukiza kungumanga kwenye maji na kuzitenga zile mbovu zinazoelea. Karani alikuwa akipita na kalamu nne mfukoni mwa shati. Siku moja msichana akamuuliza kalamu nne za nini, naye ana mikono miwili tu. Karani akasema ya nne anaihifadhi mpaka apate mtu wa kumwandikia. Wanawake wote wa kituo waliinua vichwa. Ignatia alijifanya anahesabu zinazoelea. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Aprili 1986, na Mungu akawapa watoto wawili, Kerwyn na Annelle.

Mwaka 1999 chama cha wahasibu kisiwani kiliomba watu wa kujitolea kwenda mashuleni kufundisha watoto matumizi ya fedha. Wahasibu kumi na mmoja waliinua mikono. Wengi walikwenda mara mbili tatu, wakapigwa picha, wakarudi kwenye kazi zao. Marehemu hakurudi. Kila Ijumaa alikuwa Sauteurs, au Grenville, au juu milimani kusikofika basi, na Jumamosi alikuwa na wavuvi, na Jumapili baada ya misa alikuwa na yeyote aliyekawia kutoka. Hakulipwa senti. Petroli ilikuwa yake na shati lilikuwa la kupigwa pasi na mkewe. Watu walimwambia mkewe amebahatika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Somo lake kubwa liliitwa Haja na Hamu, na katika somo hilo kulikuwa na mfano. Mke mmoja wa mhasibu mmoja alizichukua pesa za nyumba, akanunua kabati la vioo lenye glasi ishirini na nne ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzinywea. Marehemu aliigiza jinsi mke huyo alivyozipangusa glasi, kidole cha mwisho kikiwa juu. Watoto walikufa kwa kicheko. Baada ya kimbunga Ivan mwaka 2004 mfano ulizidi kunoga, kwa sababu paa la nyumba yao liliruka na kabati likabaki limesimama. Marehemu alikuwa akiuliza, "Je, mtu anaweza kulala chini ya kabati?" na darasa zima likajibu hapana. Hakuwaambia kwamba bima ya nyumba ilikuwa imekatika tangu mwezi wa Juni, kwa kuwa siku ya kuilipia alikuwa Sauteurs akiwaeleza darasa la tano umuhimu wa bima. Mganga hajigangi. Paa lilirudishwa na shemeji yake, kaka wa Ignatia, kwa mabati aliyoyaokota.

Mkewe aliujua mfano huo mwaka wa pili, alipoona watoto wa shule wamebandika pua kwenye dirisha lake wakitazama ndani. Alipowauliza wanataka nini, mmoja akasema wamekuja kuona kabati. Jioni akamuuliza mumewe.

"Sikutaja jina lako," marehemu alisema. "Nilisema mke mmoja wa mhasibu mmoja."

"Cyprian, Gouyave ina wahasibu wangapi?"

Marehemu akafikiri, maana alikuwa mtu wa ukweli katika mambo ya hesabu. "Mmoja," akasema.

Tangu hapo Ignatia Telesford aliitwa Bi Kabati. Aliitwa hivyo dukani, kanisani na gulioni. Ijumaa za samaki, akinyoosha mkono kuchagua jodari, muuzaji alikuwa akimuuliza kama samaki huyo ni haja au hamu, na foleni yote ikacheka. Vijana waliomwita hivyo wakiwa na sare za shule sasa wana ndevu, na watoto wao wanamwita hivyo hivyo.

Mjane hakatai kwamba marehemu alifanya mema. Kuna wavuvi humu ndani wenye mashua zao wenyewe kwa sababu aliwafundisha kuacha kukopa injini kwa riba ya kijinga. Kuna wasichana waliofungua akiba yao ya kwanza wakiwa na miaka kumi. Haya si uongo, na mjane amewaona mmoja mmoja wakija kulia tangu usiku wa kwanza wa maombolezo, akawapikia chai ya kakao.

Lakini mwaka 2018 kina mama wa parokia walitafuta mweka hazina, na mmoja akamtaja Ignatia. Kabla mikono haijainuliwa, sauti ikatoka nyuma: "Bi Kabati ashike fedha ya kanisa? Tutasali na glasi?" Walicheka wote, hata waliompenda. Alisema hataki, akatoka. Nyumbani hakupika. Marehemu alipoona jiko limelala alielewa kwamba jambo hili halikuwa la kawaida, akakaa karibu naye, na akaahidi atausahihisha mfano hadharani, siku ya zawadi shuleni, mbele ya wazazi na walimu. Hapo awali, kila alipoombwa afanye hivyo, jibu lake lilikuwa moja: "Nikisema zilikuwa pesa zako mwenyewe, mfano unakufa. Mtu akinunua kabati kwa pesa zake, somo liko wapi?"

Siku ya zawadi ilikuwa Ijumaa, tarehe 23 Novemba 2018. Mkewe alivaa gauni la Pasaka, akaketi mstari wa mbele, mkoba mapajani. Marehemu alisimama, akakohoa, akatoa miwani. Alisema kuna jambo anataka kuliweka sawa. Ndipo watoto wa nyuma wakaanza: "Kabati, mwalimu. Tupe kabati." Wakaanza na wa mbele. Wakapiga madawati. Marehemu alimtazama mkewe, akawatazama watoto, na kidole chake cha mwisho kikainuka chenyewe. Akaitoa hadithi yote, glasi, paa na kulala chini ya kabati. Wazazi walishika mbavu.

Walirudi kwa miguu. Walipofika darajani marehemu akasema, "Ignatia, walikuwa wanacheka vizuri mno. Nisingeweza."

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema," mkewe akamjibu. Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho kwa siku nyingi.

Tarehe 9 Januari 2019 marehemu alipatwa na kiharusi akifunga viatu ili aende shule ya Victoria. Upande wa kulia ulilala na maneno mengi yalipotea. Alilazwa hospitali mjini St. George's, akarudishwa nyumbani mwezi wa Februari. Mkewe alimwosha, alimlisha na kumgeuza, na hakuacha kumkasirikia, kwa sababu kumwosha mtu na kumkasirikia vinawezekana kwa pamoja. Siku moja, kijiko kikiwa njiani, marehemu alimshika mkewe mkono kwa ule wake mzima. Alihangaika na mdomo, kisha akasema, "Waambie wewe."

"Niwaambie nini? Mwalimu ni wewe."

"Wewe," akasema tena, na machozi yakashuka upande mmoja. Mkewe akayafuta, akampa uji uliobaki. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Basi mjane anawaambia. Watoto wa shule mliokuja na sare zenu, walimu, na kina mama wa parokia, mfano mliofundishwa ulikuwa na kosa. Nusu eka ya mikungumanga kule Clozier aliachiwa Ignatia na mama yake, kwa jina lake. Mwaka 1996 ushirika uliwalipa wakulima wake bakshishi ya mavuno, na bakshishi hiyo ilikuwa yake. Aliyemhesabia pesa dirishani, akampongeza na kumwuliza atazifanyia nini, alikuwa marehemu mwenyewe. Akamjibu atanunua kabati la vioo, kwa sababu tangu utoto alikuwa akilitaka. Halikuwa haja. Ilikuwa hamu, na hamu hiyo aliilipia mwenyewe kwa mikono iliyokauka kwenye maji ya kungumanga. Hakugusa pesa ya nyumba siku hiyo, wala siku nyingine yoyote kwa karibu miaka thelathini na mitatu ya ndoa. Atakayesimulia tena, asimulie na hilo.

Marehemu ameacha mwana, Kerwyn, wa St. George's, binti, Annelle, wa Toronto, wajukuu watatu, dada yake, Bi Perpetua, shemeji yake aliyeezeka nyumba, na wanafunzi wasiohesabika. Ameacha pia mjane, ambaye jina lake ni Ignatia Mapson Telesford.

Mungu ampokee Cyprian na ampe pumziko la amani, na akianza kuwasimulia wa huko aliko, Mungu amsikilize mpaka mwisho na amsahihishe kwa upole.