Kadi ya Zawadi ya Fundi Soli

Alasiri ilikuwa imelegea, upepo ukiingia na kutoka barazani pa kinyozi kama mtu aliyesahau alichofuata. Kwenye benchi, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa, wenyeji wa kijiwe walikuwa wamemzunguka Fundi Soli, mshona viatu. Mkononi alishika kadi ya zawadi aliyotumiwa na bintiye mwaka jana, kadi ya duka kubwa la pale njia panda. Binti alishalipa, kazi ya Soli ilikuwa kwenda tu kuchukua anachotaka. Lakini kijiwe kiliingilia kati. Kila alasiri waliitumia kadi ile kwa midomo, na Soli akapenda kila walichotaja, asijue ashike lipi aache lipi. Sasa binti anakuja kesho, na kadi inaisha muda wake wiki hii hii.

— Chukua jokofu, alisema kinyozi, aliyeitwa Waziri kwa kupenda kutoa maagizo. — Unafungua mlango, unaweka kiti mbele yake, unatulia. Mtu unatembelea nchi za theluji na kaptura yako!

— Jokofu la nini, shemeji? alidakia Mama Birika, muuza kahawa. — Godoro! Nene, la kummeza mtu. Ukilala pale hata ndoto zinakuja zimeoga.

Soli alifumba macho. Alijiona amezama kwenye godoro, baridi ya jokofu ikimpapasa nyayo.

— Nyie hamna akili ya biashara, Waziri alisema. — Kwa kadi hii anunue kadi nyingine yenye muda mrefu. Nayo ikikaribia kuisha, anunue nyingine. Huyu atakufa tajiri!

— Tajiri wa plastiki, Mama Birika alisema. — Tutamzika nazo?

Walicheka, na Soli akacheka nao, ingawa moyoni hakuwa na raha. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kadi ikiwa mfukoni, vyote vilikuwa vyake. Akichukua kimoja tu, vingine vyote vinabaki dukani.

Pembeni alikaa mteja mgeni, mama mmoja, mguu mmoja peku, akisubiri gundi ya kiatu chake ikauke. Sasa akamgeukia Soli.

— Samahani, kaka. Huyo binti ulimwambia umenunua nini?

— Nilimwambia nimenunua kitu kizuri sana. Nakitumia kila siku.

— Kitu gani hicho?

Waziri alikohoa. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe, halikutoa hata tone. Soli aliwatazama mmoja mmoja, wote wakaangalia chini. Aibu ikamshika. Akafuta gundi vidoleni, akapiga simu palepale.

— Mwanangu, nilikudanganya. Sijanunua kitu.

— Najua, baba. Kadi ikitumika, mimi naletewa ujumbe. Mpaka leo haujaja.

— Sasa mbona hukuniuliza?

Sauti ya binti ilishuka.

— Nilidhani zawadi yangu hukuipenda.

Soli alisimama, akageukia ukutani ili wenzake wasimwone uso.

— Niliipenda mpaka ikanishinda kuitumia, mama. Kesho usipitilize hadi nyumbani. Shukia njia panda, utanikuta mlangoni pa duka.