Maisha ya Mama Ndivyo, na Neno Alilolibakiza

Ndugu, majirani, na ninyi mliofanya kazi naye: mimi ni binti yake wa pekee, na ndiye niliyepewa kuandika haya na kuyasoma. Niliyaandika jana kwenye meza ya jikoni, watu wakinipita na masufuria. Tangu Jumanne sijalia. Sijui machozi yamekwenda wapi. Nasikia ganzi tu mwili mzima, kama mguu uliokaliwa. Kwa hiyo mkiniona nasoma kwa uso mkavu, msinifikirie vibaya.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, wa kwanza kati ya mabinti wawili. Mdogo wake, ambaye mimi na kaka yangu tunamwita mama mdogo, alizaliwa miaka sita baadaye. Marehemu alimbeba mgongoni popote alipokwenda, na alipokuwa mtu mzima, kila kiuno kilipomuuma, alisema hiyo ni kazi ya mdogo wake. Baba yao alifariki wakiwa wadogo, wakalelewa na mama yao pamoja na bibi yao.

Huyo bibi alikuwa msuluhishi, kama shangazi yake alivyokuwa kabla yake. Waliogombana walikwenda kukaa jikoni kwake, na utaratibu ulikuwa mmoja. Hakuna aliyeruhusiwa kuanza na lake. Kila mmoja alisema kwanza neno la mwenzake, yaani lile lililomuuma mwenzake, na alilisema kwa "mimi", kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Akimaliza, bibi alimgeukia mwenye neno na kumuuliza, "Ndivyo?" Akijibu sivyo, linarudiwa. Mwenye neno halazimishwi kulitaja; ni juu ya mwenzake kulitafuta. Hakukuwa na faini wala hukumu. Neno likishakubaliwa, watu wengi walijikuta hawana cha kuongeza, wakaaga wakaenda zao. Marehemu aliyaona hayo tangu akiwa na umri wa kumenya vitunguu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965. Hesabu alizipenda, kuimba, tumsamehe. Siku moja mwalimu alimchapa kwa kosa la mtoto mwingine. Kesho yake alimfuata ofisini akamwomba, kwa adabu zote, aseme neno lake kwa "mimi". Akachapwa tena. Kila alipotusimulia kisa hicho alicheka mpaka akakohoa, na sisi tulicheka kwa kuwa yeye anacheka.

Mwaka 1968 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na hapo alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2006. Mliofanya kazi naye mnakijua: sakafu ya saruji isiyokauka, mashine mbili kubwa ambazo moja ilikuwa mbovu miaka yote niliyoifahamu, na mlango wa bati ambako mashuka machafu yaliingia na mikokoteni, yamefungwa mafurushi. Mafurushi yaliingia, mashuka yaliyokunjwa yakatoka. Wafanyakazi walipokosana, aliwapa shuka moja, kila mtu ncha zake, akawaambia wakunje. Kukunja shuka kubwa lazima mwendeane mpaka mkutane uso kwa uso. Wakishakutana, aliwaambia, "Haya. Kila mtu aseme la mwenzake." Huko ndiko alikopewa jina la Mama Ndivyo, na likamng'ang'ania mpaka mtaani.

Baba yetu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa hapohapo. Alikuwa na tabia ya kugeuzia gari karibu na kamba za kuanikia, na siku moja alitimua vumbi juu ya mashuka ya wodi nzima. Marehemu alimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumtaka aseme neno. Baba akasema, "Mimi nimefua tangu alfajiri, mikono imechubuka, halafu likaja jitu moja halina akili na gari lake." Marehemu akajibu, "Ndivyo." Baba alipenda kusema kwamba hajawahi kutukanwa akafurahi kama siku hiyo, na aliyejitukana ni yeye mwenyewe. Walioana tarehe 14 Desemba 1974. Walijaliwa watoto wawili, mimi na kaka yangu fundi wa pikipiki. Baba alitutangulia mwaka 2001.

Baada ya kustaafu, sebule yetu ikawa kama jiko la bibi. Hata afisa wa mtaa alianza kumletea watu waliomshinda. Kinyozi na fundi cherehani wa barabara ya chini, ambao wote wapo hapa leo, waligombana kwa sababu nywele zilipeperuka zikaingia kwenye gauni la harusi. Fundi cherehani alirudi sebuleni jioni tatu mfululizo kwa sababu neno la kinyozi lilimshinda kulisema. Mwisho aligundua kwamba kinyozi hakuumia kwa kufokewa. Aliumia kwa kuitwa mchafu mbele ya mwanawe. Alipolisema hilo, marehemu aliwaletea chai. Mpaka leo wanatumia kibaraza kimoja.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini yeye mwenyewe alinikataza. Mama yao aliugua muda mrefu, na aliyemuuguza ni mama mdogo, nyumbani kwake, miaka minne, huku mchana akiuza kwenye duka la vitambaa. Mwezi Agosti 2009, mama mdogo akiwa kazini, hali ya mgonjwa ilibadilika ghafla. Marehemu ndiye aliyekuwepo. Alitafuta gari akamkimbiza hospitali, akamwacha mikononi mwa madaktari, kisha akarudi kwa mdogo wake akatandua kitanda, akafua kila kitu, akapiga deki na kuanika godoro. Kwake yeye huko kulikuwa kumpunguzia mdogo wake kazi. Mama yao alifariki jioni ileile, mama mdogo akiwa ameshapitia nyumbani na bado yuko njiani kwenda hospitali.

Kwenye msiba, mbele ya watu, mama mdogo alimwambia, "Umenichukulia mama." Marehemu akafanya alilolijua. Waliketi sebuleni, sisi tukiwepo, akasema neno la mdogo wake: "Mimi nilimuuguza mama miaka minne, dada yangu akamchukua bila kuniambia, akafa mimi sipo." Alilisema vizuri. Sauti ilikuwa taratibu, na alipumzika pale pa kupumzika, kama alivyowafundisha watu miaka na miaka. Akauliza, "Ndivyo?"

Mama mdogo akamtazama. "Umelisema vizuri sana, dada. Umeshazoea. Lakini sivyo."

Alilisema tena, na mara ya tatu. "Sivyo." Mama mdogo akachukua mkoba wake akaondoka, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Hakukuwa na wa kuwaweka chini, maana aliyekuwa akiwaweka watu chini ni yeye. Watu walikuja sebuleni kupatana, wakaondoka wamepatana, naye akabaki anaosha vikombe. Mimi nilimkasirikia mama mdogo. Nadhani bado nina hasira naye, ila leo siisikii, kama nisivyosikia kitu kingine chochote.

Uvimbe wa koo uligunduliwa mwezi Novemba mwaka jana. Februari alilazwa. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja mtu mzima ambaye alifariki asubuhi. Muuguzi alitandua kitanda, akafunga furushi, akatandika upya, kazi ya dakika chache. Kisha akaingia binti wa yule mama, ameshika chupa ya uji. Alikuwa ameshaambiwa mlangoni. Alisimama akauliza, "Mashuka yake yako wapi?" Muuguzi akamjibu kwa upole kwamba yameshakwenda kufuliwa. Yule binti akapiga magoti, akalaza uso kwenye godoro, akawa ananusa.

Marehemu alipokea mafurushi ya aina hiyo miaka thelathini na nane. Huo upande wa pili wa kitanda hakuwahi kuuona. Alijigeuza ukutani, na mchana hakugusa chakula. Jioni aliniita kwa sauti iliyokuwa imeanza kukatika. "Nilimfulia," akasema.

"Nani, mama?"

"Mdogo wangu. Nilimfulia mama, vyote."

Nilimpigia simu mama mdogo siku hiyo na siku zilizofuata. Hakupokea. Nilimtumia ujumbe, hakujibu. Marehemu alinifundisha neno la mdogo wake, akawa ananirudisha kila nilipoongeza kitu. "Usilipambe," alisema. "Mimi nililipamba." Mwishoni mwa Aprili sauti ilikwisha kabisa. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri, mimi na kaka yangu tukiwepo. Kitanda chake nyumbani hatujakigusa.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja. Mdogo wake alifika jana. Sikujua nimwambie nini, nikampa chai. Sasa amekaa kiti cha nyuma, mkoba magotini.

Najua wasifu humalizikia kwa kumtakia marehemu mapumziko ya amani. Marehemu alisema hayo nisiyaseme mimi. Mwenye kuyasema ni mdogo wake, akipenda. Akiona sivyo, aachwe, na mtu yeyote asije akamsuta. Mama mdogo, nimesimama mahali pa dada yako. Hili ndilo neno lako kama alivyonipa:

"Mimi nilirudi kutoka kazini nikakuta kitanda kitupu. Shuka la mama, foronya ya mama, blanketi la mama, vyote viko kwenye kamba vinachuruzika maji. Nilikuwa nimebakiwa na harufu yake tu, na dada yangu akaifua."

Ndivyo?